Stempu, ndege na daftari moja: maelekezo ya karani wa masijala

Kwa miaka 34 kazi yangu imekuwa kugonga muhuri. Barua inaingia masijala, naifungua, naigonga muhuri wa tarehe, naiandika kwenye rejista, naitia faili, tarishi anaipandisha ghorofani. Mwakani nafikisha miaka 60 na serikali itanipa mkono wa kwaheri. Vijana wa ofisini wananiuliza, "Mathee, si utachoka kukaa tu nyumbani?" Nina masanduku saba ya viatu yaliyojaa stempu ambazo sijazipanga, na kuna ndege wa hapa hapa Nairobi ambao sijawahi kuwaona. Nitachoka lini?

Juzi kijana mmoja, hata miezi sita hajamaliza kazini, akaniomba nimfundishe. Nikaanza kumweleza saa ya chai, saa ya chai ikaisha sijafika hata kwenye bahasha. Basi nayaandika, yawe yake na ya yeyote mwenye mshahara wa serikali, siku chache za likizo na dirisha la kuchungulia.

Dirisha kwanza

Usikimbilie kununua darubini. Anza na ndege wanaoonekana kutoka mezani pako. Mimi nilianza na wanne. Kunguru mwenye kifua cheupe, yule anayekagua mapipa kama mkaguzi wa hesabu. Mwewe, ambaye utamjua kwa mkia wenye panda na jinsi anavyouzungusha angani kama usukani. Kwarara, ambaye huhitaji hata kumwona, maana anapita saa kumi na mbili asubuhi akipiga kelele za mtu aliyeibiwa. Na korongo marabu.

Huyu wa mwisho mtazame vizuri. Ukipita Mombasa Road karibu na Uwanja wa Nyayo utawaona juu ya migunga, wamejenga viota vya vijiti juu ya vichwa vya abiria wanaongoja matatu. Ana urefu wa karibu mita moja na nusu, kichwa kina upara, mgongoni kama amevaa koti la mazishi. Miguu yake inaonekana myeupe, lakini si rangi yake. Ni kinyesi chake mwenyewe. Jua likiwaka anajinyea miguuni, majimaji yanapokauka yanampoza. Nilipolijua hilo nilianza kuwaona marabu kwa heshima mpya, na nikaacha kabisa kusimama chini ya ile miti.

Ukiwazoea hao, kila ndege mgeni utampima kwao. Ni mdogo kama shomoro? Ni kama njiwa? Anamzidi kunguru? Kisha mdomo: mfupi wa kuvunja mbegu, mrefu uliopinda wa kunyonya maua kama wa yule ndege aitwaye chozi, au wa ndoano wa kurarua nyama? Kisha anafanya nini. Kuzumburu, kwa mfano, utawajua kabla ya kuona rangi, maana wananing'inia kwenye ua wa nyumba wakiwa safu nzima, mikia mirefu chini, kama nguo zilizoanikwa vibaya. Rangi iache iwe ya mwisho. Rangi hudanganya, hasa asubuhi na mapema jua likiwa nyuma ya ndege.

Darubini ukifika wakati wake, soma namba mbili zilizoandikwa juu yake. Ile ya 8x42 inakuza mara 8, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Wauzaji watakusukumia ya 10 au hata 20 kwa sababu namba kubwa inauzika. Kataa. Kadiri inavyokuza ndivyo inavyokuza na mtetemeko wa mikono yako. Yangu ni ya mtumba. Kabla ya kulipa niliangalia herufi za kibango cha mbali, jicho moja moja, nikahakikisha sioni vitu viwiliviwili.

Daftari

Hapa ndipo sisi watu wa masijala tunawazidi wengine. Piga mistari ya rejista: tarehe, saa, mahali, ndege, wangapi, walikuwa wakifanya nini. Ukiwa huna jina, andika maelezo na uache nafasi ya jina. Usijaze kwa kubahatisha. Faili yenye kosa ni mbaya kuliko faili yenye pengo, kwa sababu pengo litajazwa na kosa litaaminiwa. Mwaka wangu wa kwanza nilimwandika tai kila mahali. Nusu yao walikuwa mwewe.

Na daftari ulifungie. Kulikuwa na Mwingereza mmoja, Allan Octavian Hume, mtumishi wa serikali ya kikoloni kule India, mtu wa mafaili kama mimi, ambaye pia ni mmoja wa walioanzisha chama cha Congress mwaka 1885. Alikusanya makumi ya maelfu ya ngozi za ndege na kuandika juu ya ndege wa India kwa miaka mingi, akinuia kutoa kitabu kikubwa. Akiwa mbali na nyumbani kwake Simla, maandishi yale yaliuzwa sokoni kama karatasi chakavu. Akavunjika moyo, akaigawa ile hazina yake yote kwa jumba la makumbusho la London na kuachana na ndege. Mimi mwenyewe daftari langu la tatu lilikaribia kwenda na mafaili ya zamani siku ya kusafisha stoo. Sasa kila mwisho wa mwezi napiga picha kila ukurasa kwa simu na kumtumia binti yangu. Hasomi, lakini hafuti.

Ukipenda, peleka orodha zako kwenye Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya. Nchi nzima imegawanywa vipande vya takriban kilomita 9 kwa 9, na kila mtu anaandika alichokiona katika kipande alichopo. Kwa karani hiyo ni raha tupu: rejista moja, nchi nzima.

Sasa stempu

Watu hudhani stempu zimekufa. Ni kweli bahasha nyingi za ofisi siku hizi zinakuja na chapa ya mashine, au hazija kabisa, zimekuwa baruapepe. Lakini stempu zipo. Nenda Posta Kuu pale Kenyatta Avenue, uulize stempu za ukumbusho, si "stempu ya barua" tu, maana ukiomba stempu ya barua utapewa ile iliyo juu ya rundo. Waulize masista, mapadri, walimu wakuu waliostaafu, shangazi mwenye sanduku la chuma chini ya kitanda. Watu wa rika langu walitunza barua.

Jambo moja la kikazi. Bahasha ya serikali ikishaingia kwenye faili ni mali ya faili. Usiikate. Nilipoanza, nilimwendea mkubwa wangu wa masijala, mzee wa tai na kalamu mbili mfukoni, nikamwomba ruhusa ya kuchukua bahasha zinazotupwa. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mama, pipa halina faili. Ila pipa tu." Mpaka leo sijawahi kutoa stempu mahali pengine ofisini isipokuwa kwenye pipa.

Kuzitoa kwenye bahasha kuna njia yake, na wengi huharibu hapa. Kata karatasi kuizunguka stempu, ukiacha nafasi ya kidole pande zote ili usiguse meno ya ukingoni mwake. Tenga kwanza vipande vya bahasha za rangi, hasa nyekundu na kijani, kwa sababu rangi yake hutoka majini na kupaka kila kitu. Maji ya uvuguvugu kwenye sahani pana, bila sabuni. Zilaze zikielea, uso juu. Nenda ukachemshe chai. Baada ya dakika 15 au 20 gundi imelainika na stempu inateleza yenyewe. Usiivute. Ikigoma, irudishe majini. Ichukue kwa kibano chenye ncha bapa, isuuze mgongo kwenye maji safi, uilaze kifudifudi kwenye karatasi nyeupe. Si gazeti, wino wa gazeti huhamia. Ikikauka itakuwa imejikunja kama jani la mgomba juani, lakini usiogope, iweke katikati ya kitabu kizito usiku kucha. Stempu mpya za kubandika zenyewe, zile za kubandua kama plasta, nyingi hazitoki kwa maji. Ziache na kipande chake cha bahasha.

Na kuna nyingine hazitaki maji kabisa. Stempu nyingi za zamani za makoloni ya Uingereza, hasa za rangi ya zambarau na kijani, zilichapwa makusudi kwa wino unaotoka ukilowa, ili mjanja asifute muhuri na kuitumia tena stempu ileile. Ukiitumbukiza inafifia mbele ya macho yako. Cha ajabu, kuna ndege ana tabia hiyohiyo. Kulukulu wa msitu wa Karura, hapa Nairobi, ni kijani sehemu kubwa ya mwili, lakini akiruka bawa linafunguka jekundu kama damu. Wekundu ule ni rangi yenye madini ya shaba ndani yake, na unyoya wake ukiutia kwenye maji ya sabuni rangi huyeyuka. Kila nikiona lile bawa naikumbuka sahani yangu.

Kosa langu la "RO"

Nisipolisema hili nitakuwa nimewaficha kitu cha maana zaidi.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, enzi za Afrika Mashariki. Alitumwa Tororo, akatumwa Morogoro, na kila mahali aliandika barua nyumbani. Stempu za wakati ule zilikuwa za pamoja, zimeandikwa Kenya, Uganda na Tanzania kwenye kipande kimoja cha karatasi, na stempu hiyohiyo ilitumika Kisumu, Jinja au Moshi. Ziliendelea hivyo hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokaribia kuvunjika mwaka 1977. Mama alinipa bahasha moja ya baba nilipopata kazi. Barua yenyewe ilikwisha kupotea. Mimi, kwa ujuzi wangu wote wa wiki tatu, nikaikata stempu, nikailoweka vizuri kabisa, nikaibandika kwenye albamu. Bahasha nikaitupa.

Miaka ikapita kabla sijatulia kuitazama tena. Stempu ni nzima, meno yote yapo. Kwenye kona ya chini kushoto kuna robo ya muhuri, na ndani ya robo hiyo herufi mbili: RO. Ni mwisho wa Tororo. Pia ni mwisho wa Morogoro. Sehemu iliyobaki ya mduara, yenye herufi nyingine na tarehe, ilikuwa kwenye karatasi niliyoitupa. Mama alikwisha kufariki. Sina wa kumuuliza.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu. Kabla ya kukata, soma muhuri. Ukisomeka mahali na tarehe, hasa ukiwa nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha, usikate kitu. Tunza bahasha nzima, imesimama wima kwenye sanduku kama faili kwenye kabati, na mfuko mdogo wa chembe za kunyonya unyevu kama ule unaokuja ndani ya viatu vipya. Miezi ya mvua za masika fungua sanduku kila wiki, maana unyevu huamsha gundi ya stempu ambazo hazijatumika na zinashikana mgongo kwa uso. Stempu zisizo na muhuri unaosomeka, hizo ndizo za sahani. Huyo mdudu anayeitwa mchwa simtaji, ila sanduku lisiguse ukuta.

Upangaji wa albamu ni juu yako. Mimi napanga kwa ndege, mtu mwingine kwa nchi au mwaka. Kenya ilitoa seti ya ndege kwa matumizi ya kila siku mwaka 1993, na hiyo ni njia nzuri ya kuanzia kwa sababu zilisambaa kila mahali na hata leo utazipata kwenye barua za familia bila kulipa hata senti. Ukikutana na mbili zinazofanana kabisa, hesabu meno ya ukingoni ndani ya sentimita 2. Ndivyo wakusanyaji wa dunia nzima wanavyohesabu, na mara nyingine tofauti ni hiyo tu.

Wapi na lini

Bustani ya miti ya Arboretum iko umbali wa kutembea kutoka mjini, na imekuwepo tangu 1907. Saa ya chakula cha mchana inatosha kwenda, kuona ndege watano, na kurudi na mkate mkononi. Ila kumbuka iko jirani na Ikulu. Darubini ielekee matawini, isielekee ukutani. Nilipokuwa mgeni wa mambo haya niliwahi kusimamishwa na askari mahali fulani mjini, nikaulizwa napeleleza nini. Nikamwonyesha daftari. Akasoma "chozi, 2, wananyonya maua", akasoma tena, akaniuliza kama nina watoto wa kuniangalia nyumbani. Tangu siku hiyo nabeba kitabu cha picha za ndege hata nisipokihitaji. Kinaeleza haraka kuliko mdomo.

Karura nenda Jumamosi mapema. Ukiingia, kumbuka kwamba Wangari Maathai alipigwa hapo Januari 1999 kwa kutaka kupanda miti. Mimi kila nikilipa kiingilio namtaja kimoyomoyo.

Kisha kuna Jumatano. Tangu 1971 kuna matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi kutoka Jumba la Makumbusho la Taifa, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno, chini ya chama ambacho leo tunakijua kama Nature Kenya. Hakuna shule bora. Unatembea na watu kumi wenye macho makali kuliko wewe, na hakuna anayekucheka ukimwita mwewe tai. Shida ni Jumatano yenyewe. Nilichofanya ni kugawa likizo yangu. Wenzangu huchukua mwezi mzima Desemba, wanaenda nyumbani. Mimi nimekuwa nikichukua siku mojamoja, Jumatano tu, sababu ya likizo: "shughuli binafsi". Mkuu mmoja aliwahi kudhani naumwa ugonjwa wa kliniki. Sikumkosoa haraka.

Mbuga ya Nairobi ni ya mara chache, kwa sababu unahitaji gari. Changieni watu watano. Baada ya mvua, nyasi zikiwa ndefu, tafuta dume jeusi lenye mkia mrefu linalorukaruka wima kama mpira, linashuka, linaruka tena, kumfurahisha jike. Kwa Kiingereza limepewa jina la Frederick Jackson. Naye alikuwa mtu wa ofisi. Alifanya kazi na ile kampuni ya Waingereza ambayo mwaka 1890 ilitoa stempu za kwanza kabisa za huku kwetu, akawa mtawala, akawa gavana wa Uganda mwaka 1911. Kitabu chake kikubwa cha ndege kilichapishwa 1938, yeye akiwa amefariki tangu 1929. Nikifikiria kustaafu namfikiria yeye, na najiambia nipange masanduku sasa.

Bahasha ya kujitumia

Haya ni yangu mwenyewe, sikuyasoma popote. Nilianza baada ya ile RO.

Ukisafiri kwenda kuona ndege, beba bahasha nyeupe zenye anwani yako ya sanduku la posta, zimeandikwa kwa penseli, utazifuta baadaye ukitaka. Ndani tia kadi ngumu, ya kiberiti kikubwa au ya daftari, ili muhuri ugonge kitu kigumu na mduara utoke mzima. Siku hiyohiyo uliyomwona ndege, nenda posta ya karibu na pale. Bandika stempu ya ndege ukiwa nayo. Usiwe mkaidi ikiwa si ndege yuleyule. Naivasha nilimwona furukombe akishuka kuchota samaki, na stempu niliyokuwa nayo ilikuwa ya jengo. Nilibandika jengo.

Usitumbukize kwenye sanduku la nje. Ingia ndani, ngoja foleni, umwombe karani akugongee kwa mkono, taratibu, nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha. Mweleze ni kwa nini. Sisi makarani tunapenda kuulizwa kuhusu mihuri, hakuna anayetuuliza. Mmoja alifuta uso wa muhuri kwa leso yake kwanza, akajaribu mara mbili kwenye karatasi chakavu, ndipo akagonga. Nyuma ya bahasha andika ndege, saa na walikuwa wangapi. Ikifika sandukuni kwako usiifungue. Haina kitu ndani ila ile kadi, na mahali na tarehe viko nje, vyote viwili, vizima.

Ninazo 31: Naivasha, Nakuru, Kakamega, Gede nilipokwenda kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke nikamsikia tu nikaandika "amesikika". Ya 32 imekwisha kuandikwa anwani na iko ndani ya daftari. Ni ya karani-tamba, yule ndege mrefu wa miguu ya kutembea, mwenye manyoya kisogoni kama kalamu zilizochomekwa nyuma ya sikio, anayeua nyoka kwa mateke. Wamepungua sana, tangu 2020 wamo kwenye orodha ya walio hatarini duniani. Wanapatikana mbugani Nairobi, dakika chache kutoka posta ya Lang'ata. Nimekwenda mara nne. Safari ya mwisho niliambiwa alionekana jana yake, karibu na lile bwawa la kwanza, peke yake, akitembea.